Matairi manne si pikipiki mbili: jibu kwa dada anayeipeleka familia kwenye milima ya Alaska

Swali la msomaji, kwa kifupi: "Mimi ni muuguzi, naishi Minnesota. Mwezi wa saba tunapanga kwenda Alaska: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa kiume wa miaka 14, na mama mkwe wangu wa miaka 66 atakayekuja kututembelea kutoka Moshi. Mume wangu ameona safari za kuongozwa za pikipiki za matairi manne huko upande wa mlima Denali, njia za porini zenye mito na matope. Ameendesha pikipiki tangu ujana wake, na anasema kama matairi mawili hayakumuua, manne hayatamfanya kitu. Kijana naye anataka apewe ya kwake. Mimi nimewahi kupokea majeruhi wa mashine hizi kazini, moyo wangu unasita. Twende au tuache? Na tukienda, tuchague vipi?"

Dada yangu, nendeni. Nimeongoza safari za namna hii kwa misimu saba ya kiangazi katika milima ya Alaska ya ndani, na sijaona njia nyingine inayomfikisha mama wa miaka 66 kwenye ukingo wa mto wa barafu, ile barafu nene inayoteremka polepole kutoka milimani, bila kumtembeza siku mbili na mzigo mgongoni. Ila kodini kigari cha viti, msipande pikipiki ya matairi manne. Kijana akae kiti cha abiria. Na shemeji, kabla hajashika usukani, aisahau pikipiki yake. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu wageni walioninyima usingizi hawakuwa wale wasiojua kitu. Wasiojua husikiliza. Walioninyima usingizi ni waendesha pikipiki wa miaka mingi.

Kwanza tutenganishe mashine mbili ambazo matangazo huzichanganya. Ya kwanza ndiyo pikipiki ya matairi manne yenyewe: unakaa juu ya kiti kama unavyopanda farasi, miguu huku na huku, usukani ni wa mkono kama wa pikipiki, na hakuna kitu chochote kinachokuzunguka. Ya pili ni kigari: viti viwili au vinne, usukani wa duara, mafuta na breki za miguuni, mikanda ya kufunga mwilini, na juu yenu fremu ya vyuma iliyotengenezwa ili kigari kikipinduka, kipindukie vyuma na si vichwa vyenu. Vyote viwili vinapita matopeni, vyote viwili vinapigwa picha nzuri. Kwa mtu asiye na mafunzo, tofauti yao ni kama kupanda farasi na kupanda mkokoteni.

Sasa hoja ya shemeji. Pikipiki ikiingia kona inalala. Unailaza mwenyewe, nayo ukiielewa inakushukuru kwa kukaa barabarani. Ya matairi manne hailali. Inaingia kona ikiwa imesimama wima, na nguvu yote ya kona inakusukuma wewe nje na kuinyanyua mashine upande wa ndani. Kitu pekee kinachoizuia isipinduke ni mwili wako: unahamisha makalio juu ya kiti, unaegemea ndani ya kona, unarudi katikati, unarudia tena kona inayofuata. Chukua mashine ya kilo 300 na mpandaji wa kilo 80. Mwili wake ni zaidi ya moja ya tano ya mzigo wote, tena ndiyo sehemu iliyo juu zaidi. Akikaa kama gunia, gunia hilo ndilo litakaloipindua.

Tena mashine nyingi za kazi nyuma hazina difu, yaani gia inayoziacha tairi mbili zizunguke kwa kasi tofauti, au zinayo ikiwa imefungwa. Shemeji anajua gari likikata kona tairi la nje linakimbia kuliko la ndani. Hapa tairi mbili za nyuma zinazunguka sawasawa, kwa hiyo mashine inataka kwenda mbele tu, hata ukizungusha usukani. Mwendesha pikipiki akiona haikati, anaongeza nguvu ya mkono na kubana breki. Ndipo inapokamata ghafla na kumrusha.

Mafuta nayo hayazungushwi kwa kiganja. Kuna kijiti kidogo unachokisukuma kwa kidole gumba. Kwenye njia ya mawe mwili unaruka, kidole kinasukuma bila wewe kuamua, na mashine inakwenda mbele wakati ulitaka isimame. Halafu mlima: ukikwama katikati ya mwinuko na pikipiki, unaiangusha ubavuni na kushuka. Hii ukiiacha irudi nyuma kisha ukabana breki ya nyuma ghafla, inainua pua na kukulalia kifuani. Wewe uliyepokea majeruhi wake unajua kinachofuata kuliko mimi.

Kuna kosa moja ambalo nataka shemeji alisikie likiwa na jina langu juu yake. Nilijifunza pikipiki nikiwa na miaka 15, barabara za vumbi za nyumbani, na kitu cha kwanza unachofundishwa na barabara hizo ni kutoa mguu. Pikipiki ikiyumba, mguu chini, umeokoka. Kiangazi changu cha kwanza Alaska rafiki alinipa mashine yake nijaribu. Nilikuwa kwenye mwendo wa mtu anayekimbia taratibu tu. Tairi la mbele likapanda jiwe, mashine ikaegemea kushoto, na mguu wangu wa kushoto ukatoka wenyewe, miaka kumi ya mazoea ikiusukuma. Kwenye pikipiki mguu huo ungeshika ardhi na tungeendelea na safari. Lakini hapa nyuma ya mguu kuna tairi, pana na lenye meno. Lilinikamata kisigino, likanivuta chini, likanipanda hadi gotini. Wiki sita za plasta, na kifundo kile kinaniambia hadi leo mvua ikikaribia. Mashine haikupinduka hata kidogo. Kosa lilikuwa ujuzi wangu mwenyewe.

Kwa hiyo ninapofundisha wageni, siulizi kama wamewahi kuendesha pikipiki ili niwape mashine kubwa. Nauliza ili nijue nani nimtazame miguu.

Na tukiwa kwenye mazoea ya nyumbani, msipande mshikaki. Kiti cha pikipiki ya matairi manne ni kirefu, kinaonekana kama kinakualika ukae nyuma ya mumeo. Urefu ule uliwekwa ili dereva apate nafasi ya kusogea mbele kwenye mlima na nyuma kwenye mteremko. Ukikaa nyuma yake umemnyang'anya breki yake, maana mwili wake ndiyo nusu ya breki. Zipo zilizotengenezwa kwa watu wawili, zenye kiti cha nyuma kilichoinuliwa, na hizo zina maandishi yanayosema hivyo. Nyingine zote ni za mtu mmoja.

Kijana. Najua ugomvi ulioko mezani kwenu. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani inasema mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe mashine ya watu wazima, na watengenezaji wa vigari huweka umri huohuo kwa dereva, pamoja na leseni. Umri huo haukuchaguliwa ovyo. Mashine hizi zilianza kuuzwa Marekani na Honda mwaka 1970, zikiwa na matairi matatu, na watoto wengi waliumia na kufa juu yake kabla watengenezaji hawajakubali mbele ya mahakama, mwaka 1988, kuacha kuuza za matairi matatu. Za manne zilibaki, na mafunzo na vikomo vya umri vikafuata. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuwa mrefu kuliko wewe. Bado hana uzito wa kuihamisha mashine, na hana ile nusu sekunde ya kusema "hapana" kwa jambo linalomvutia. Zipo kampuni zenye mashine ndogo za vijana kwenye uwanja uliofungwa, na kama mkiipata moja, mpeni saa moja pale akiwa na mwalimu. Porini akae abiria. Kwenye kigari abiria ana kazi, naye aambiwe hivyo: ndiye anayetazama nyuma kama gari la mwisho lipo, ndiye anayeshika redio.

Kigari nacho kina namna yake ya kujeruhi. Kikianza kupinduka taratibu, na mara nyingi huanza taratibu, mtu hutoa mkono nje ili akizuie. Mkono wa binadamu hauzuii kilo 600. Vyuma vile vile vinavyookoa kichwa vinauangukia mkono. Kabla ya kuondoka fanyeni zoezi hili mkiwa mmesimama: kiongozi aseme "tunapinduka," na kila mtu ashike mshikio wake, avute viwiko ndani, abaki kwenye mkanda. Mara tatu. Wageni hucheka mara ya kwanza, mara ya tatu hawacheki, na hapo ndipo mwili umeanza kujua. Abiria anayetosha kwenye kiti ni yule ambaye mgongo wake unagusa egemeo, nyayo zake zinafika sakafuni, na mkono wake unafika kwenye mshikio. Mwanao atatosha. Mkanda na helmeti ni vya wote, hata mkisogea mita mia kwenda kupiga picha.

Turudi kwenye mahali. Alaska haikuanza kupanda mashine hizi kwa ajili ya wageni. Sehemu kubwa ya jimbo haina barabara. Hata Juneau, makao makuu yake, haifikiki kwa gari kutoka nje. Vijijini pikipiki ya matairi manne ndiyo bodaboda, ndiyo mkokoteni wa samaki, ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati. Mwindaji anaitumia kuleta nyama ya msimu mzima. Ndiyo maana utakuta kule kuna watu wanaoijua mashine hii kama mvuvi wa Bagamoyo anavyoijua ngalawa, na kiongozi mzuri mara nyingi ametoka kwao.

Mlima ambao shemeji ameuona kwenye picha una mita 6,190, kwa hiyo umeupita Kilimanjaro kwa karibu mita 300. Mwaka 2025 serikali ya shirikisho iliurudishia jina la McKinley, lakini wenyeji wengi bado wanasema Denali, na hifadhi inayouzunguka bado ina jina hilo. Ndani ya hifadhi wageni hawaruhusiwi kuendesha mashine hizi. Safari zinafanyika nje ya mipaka yake, nyingi zikianzia Healy, kijiji cha machimbo ya makaa ya mawe kilometa 18 hivi kaskazini ya lango la hifadhi, kama kilometa 400 kutoka Anchorage. Msiende mkitegemea kuuona mlima. Mawingu huuficha siku nyingi za kiangazi, na mama atalielewa hilo vizuri kuliko wote, maana Moshi nako mtu huja, hukaa wiki, huondoka bila Kibo kumfunulia uso.

Magharibi ya Healy kuna Stampede Road. Lami inaisha, inabaki changarawe, kisha njia ya matope na vijito. Mbele kabisa ya njia hiyo kuna mto Teklanika, na kisa chake nakieleza kila msimu. Aprili 1992 kijana mmoja, Christopher McCandless, aliuvuka mto huo kwa miguu akienda kuishi peke yake kwenye basi bovu lililoachwa porini. Julai alitaka kurudi. Mto uleule alioupita Aprili ulikuwa umejaa, unanguruma, haupitiki. Akarudi kwenye basi, na Agosti akafa humo. Watu wakaendelea kulifuata basi lile, wawili wakazama Teklanika, mwaka 2010 na mwaka 2019, hadi Juni 2020 helikopta ya jeshi ilipolinyanyua na kuliondoa. Safari yenu haina sababu ya kufika Teklanika. Nawataka mkumbuke Aprili na Julai.

Sisi tumezoea mto unaojaa kwa mvua. Ukiona mawingu mlimani unajiandaa. Mito ya kule inajaa hata kwa jua. Siku nzuri kabisa, anga la bluu, joto nyuzi 22, ndiyo siku barafu ya juu inayeyuka kwa kasi, na maji yale yanachukua saa kadhaa kufika bondeni. Kijito kilichofika kwenye ekseli saa tatu asubuhi kinaweza kufika kwenye kiti saa kumi na moja jioni, na mawingu hayakuwepo siku nzima. Maji yenyewe yana rangi ya saruji, kwa sababu yamebeba unga laini wa mawe yaliyosagwa na barafu. Huoni chini. Jiwe kubwa kama jiko, shimo la kumeza tairi, vyote vimefichwa. Na baridi yake ni nyuzi chache tu juu ya sifuri: mtu akitumbukia anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama uso uko majini, pumzi hiyo ni maji.

Kuna kitu kingine ambacho dereva wa gari hakitegemei. Tairi za mashine hizi ni pana na zina upepo mdogo sana, ndogo mara kadhaa kuliko wa gari lenu, ili zikumbatie mawe. Tairi pana lenye hewa ni boya. Maji yakigusa tumbo la mashine, uzito wake unapungua, matairi yanaacha ardhi, na kilo 600 zinaanza kuelea kwenda mkondo unakotaka. Kwa hiyo kanuni yangu ilikuwa moja: kama sijashuka na kuupima mto kwa fimbo, mgeni hauvuki. Na kama maji yanafika juu ya kitovu cha tairi na yanakwenda kasi, tunageuza. Nimegeuza na wageni waliokuwa wamesafiri kutoka Australia. Walinuna hadi Healy. Chagueni safari ya asubuhi. Matangazo ya safari za usiku yanavutia, kwa kuwa mwezi wa saba jua kule linazama karibu na saa sita usiku, lakini usiku huo mwanga upo na nguvu za mwili hazipo, na mito iko juu.

Kama hamtafika Healy, upo upande wa Palmer, mwendo wa saa moja hivi kutoka Anchorage, ambako safari hupita kwenye bonde pana la changarawe hadi mbele ya mto wa barafu wa Knik. Bonde lile lina historia ya kutisha: barafu ilikuwa ikiziba mdomo wa Ziwa George, maji yakijaa hadi yavunje ukuta na kulifurika bonde lote, karibu kila mwaka hadi 1966. Siku hizi barafu imerudi nyuma na ziwa halijazibwa. Mandhari yake kwa mama ni bora kuliko Healy, kwa maoni yangu, ila vijito ni vingi na kanuni ya asubuhi ni ileile.

Kuchagua kampuni sasa. Piga simu wewe mwenyewe, shemeji asipige. Usianze na bei. Uliza: "Mara ya mwisho mliahirisha au kugeuza safari lini, na kwa nini?" Kisha nyamaza. Kampuni nzuri itakujibu bila kutafuta maneno: Jumanne iliyopita, mto ulipanda, wiki mbili nyuma, mgeni mmoja alinuka pombe. Ukiambiwa hawajawahi kugeuza, wamekuambia kila kitu. Nilifanya kazi msimu mmoja kwa kampuni ambayo sitaitaja, ambako meneja alituambia kurudisha fedha za watu ni aibu kwa ofisi. Siku aliyotaka tuvuke mto uliokuwa unabeba magogo niliacha funguo mezani. Mpaka leo nikisikia helikopta bondeni nawafikiria wenzangu waliobaki.

Baada ya hilo, uliza kiongozi mmoja anachukua mashine ngapi. Kwangu sita ni mwisho, na zikizidi nne nataka kuwe na mtu wa mkia anayefunga msafara. Uliza mafunzo kabla ya kuondoka yanachukua muda gani na yanafanyika wapi. Video ya dakika tano si mafunzo, uwanja wenye kilima kidogo na mawe ndiyo mafunzo. Uliza kiongozi ana cheti gani cha huduma ya kwanza. Kile kinachofaa porini huchukua saa 70 hadi 80, na wewe utajua kwa swali moja kama anayejibu anaelewa anachosema. Uliza wanawasiliana na nani kwa chombo cha satelaiti, maana simu zenu zitakufa dakika chache nje ya barabara kuu. Na uliza kibali: anayeendesha biashara ya wageni kwenye ardhi ya umma anatakiwa awe na ruhusa ya mamlaka ya ardhi hiyo. Mwenye nacho hukutajia bila kukasirika.

Ardhi yenyewe si ya bure, ingawa macho yataona pori tupu. Sheria ya mwaka 1971 iliwarudishia wenyeji asilia wa Alaska umiliki wa ekari milioni 44 kupitia mashirika yao, na kwenye baadhi ya mabonde mstari kati ya ardhi ya jimbo na ya kwao ni mti mmoja na alama ya rangi. Tena chini ya majani kuna udongo ulioganda miaka yote. Lile zulia la mimea ndilo blanketi lake. Tairi likilichana, jua linafika kwenye barafu, barafu inayeyuka, njia inakuwa mfereji, na anayefuata anaukwepa mfereji kwa kuchana pembeni. Kaskazini ya mbali ya Alaska alama za matrekta ya miaka ya 1940 bado zinaonekana kutoka angani. Norway tangu 1977 imekataza vyombo vya moto porini isipokuwa kwa sababu maalumu, na Iceland kuacha njia na kuingia kwenye ardhi wazi ni kosa la jinai. Alaska imeruhusu. Kwa hiyo kiongozi akisema piteni katikati ya dimbwi na si kando yake, hachezi na nguo zenu. Nawaomba mpite katikati.

Wanyama nitapita haraka. Dubu wapo, na kelele za injini huwafanya wengi waondoke kabla hamjawaona. Wa kumheshimu zaidi ni musi, jamaa ya kulungu mwenye urefu wa farasi, ambaye huwajeruhi watu wengi kule kuliko dubu, hasa akiwa na ndama. Akisimama njiani, simameni, msimpigie honi, mpeni muda. Mbu ni wengi kuliko wa Rufiji, lakini mwambie mama hawana malaria. Atafurahi.

Mama, sasa. Mchukueni kwa moyo mweupe, kwa kigari, kiti cha nyuma upande usioelekea mteremko, safari fupi ya saa mbili. Kabla ya kulipia, mkague kama unavyomkagua mgonjwa wako: mgongo na pingili zake, mifupa yake, presha, na kama anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Kigari kina springi, lakini jiwe ni jiwe, na kwa anayemeza dawa hiyo pigo dogo la kichwa si dogo. Ukipata jibu baya kwa lolote kati ya hayo, abaki Healy pamoja nawe, na shemeji na kijana waende wawili. Safari isiwe kipimo cha heshima kwake. Wazee wetu hupanda vitu visivyowafaa kwa kuogopa kuwaangusha watoto.

Na mavazi yake myaangalie mapema, maana ndipo nilipoona ajali ikikaribia zaidi kuliko mtoni. Khanga isifungwe shingoni wala mabegani. Ushungi uingizwe wote ndani ya jaketi, ufungwe kwa zipu, helmeti juu yake. Ncha moja inayopeperuka ikifika kwenye tairi la nyuma haitaachia. Sketi iwe ya kuvalia suruali ndani au iachwe hotelini. Nyote vaeni sufu au nguo za michezo mwilini, jaketi la mvua juu, glavu, buti zinazofunika kifundo cha mguu. Pamba ikilowa inanata mwilini na kukupoza, hata Julai. Miwani ya kuzuia vumbi mtapewa. Wenye miwani ya macho waulize kama inakaa juu yake.

Karatasi ya kusamehe madai mtaiwekea saini, na ya kijana mtaisaini ninyi wazazi. Isomeni nyumbani, waombeni waitume kwa barua pepe wiki moja kabla, si pale kaunta watu wakisubiri nyuma yenu. Kisha fungueni bima ya safari kwenye ukurasa wa yasiyolipwa. Bima nyingi huandika pale mashine hizi kwa jina. Helikopta ya kumtoa mtu bondeni hadi hospitali ya Anchorage au Fairbanks inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola, na mama akiwa mgeni wa kutoka Tanzania hatakuwa kwenye bima ya kazini kwako. Mnunulieni yake, inayotaja mashine hizi waziwazi.

Shemeji asome jibu hili kabla ya kulipa arubuni. Mkifika uwanja wa mazoezi, mwambieni kiongozi mapema kwamba yeye ni mwendesha pikipiki. Atajua aangalie nini. Na wewe, ukishapiga ile simu, niandikie walichokujibu kuhusu mara ya mwisho walipogeuza safari, tarehe na sababu, nami nitakuambia kama ningempandisha mama yangu kwao.